Maswali ya Wasafiri: Siku Nne Lisbon, na Dhahabu Iliyotoka Kilwa

SWALI: Mwandishi wa safu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pokea salamu za mwalimu mstaafu wa Historia. Ninaishi Temeke, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimewafundisha watoto wa sekondari habari za Vasco da Gama na kuja kwa Wareno bila mimi mwenyewe kuuona mji walikotoka. Sasa binti yangu anasoma Lisbon na amenialika. Nitakuwa na siku nne kamili za kutembea. Magoti yangu hayapatani na ngazi, mimi ni Mwislamu ninayeswali, na kila ninayemuuliza ananipa orodha ndefu ya minara na makanisa. Tena nina dukuduku moja: sijui kama inafaa mtu wa pwani hii kwenda kupiga picha kwenye kaburi la mtu aliyetutoza kodi kwa mizinga. Nianzie wapi, na kipi nikiache?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Mdogo ni mimi, kwa hiyo salamu ninairudisha mahali pake.

Orodha uliyopewa bila shaka inaanzia Belém, kitongoji cha Lisbon, kwenye mnara na nyumba ya watawa, kwa kuwa karibu kila orodha ya Lisbon huanzia huko. Mimi ningekuomba siku ya kwanza uende kwingine, Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho yaliyo katika mtaa unaoitwa Rua das Janelas Verdes, yaani Mtaa wa Madirisha ya Kijani. Ndani yake, katika kabati la kioo, kipo chombo cha dhahabu ambacho Wakatoliki hukitumia kuwekea Ekaristi Takatifu wakati wa kuabudu. Kimo chake ni sentimita 73, sawa na mtoto anayeanza kusimama dede, na kimepambwa kwa rangi zilizochomwa juu ya dhahabu. Mitume 12 wamepiga magoti kwa duara katikati, na juu yao pamejengwa kitu kama kanisa dogo lenye minara myembamba kuliko njiti ya kiberiti. Inahesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Lakini wewe, Mwalimu, utazame chini kwanza, kwenye kitako, ambako maandishi yamekizunguka chombo chote yakieleza kwamba mfalme Dom Manuel wa Kwanza aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Nilipokifikia mara ya kwanza niliinama hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, nikazunguka taratibu nikifuata herufi moja baada ya nyingine, mpaka nikaliona jina la Kilwa, limeandikwa Kireno na kuanza kwa herufi Q. Mlinzi aliyekuwa ameketi pembeni alisimama kuona ninachokitafuta. Nikamwonyesha lile neno, kisha nikajigusa kifuani. Alitikisa kichwa kwa adabu, nadhani bila kuelewa, akarudi kwenye kiti chake.

Habari yenyewe umeifundisha, ila niirudie kwa ajili ya wasomaji wengine. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani yetu akielekea Mombasa na Malindi bila kutia nanga Kilwa. Aliporudi mwaka 1502 alikuwa na kundi la merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa akubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu kila mwaka, na malipo ya kwanza yalikuwa mithkali 1,500, ambazo kwa mizani ya leo ni zaidi ya kilo 6. Aliifikisha Lisbon mwaka 1503. Na dhahabu ile, kama ujuavyo, haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, na Kilwa ilitajirika kwa kuishika njia hiyo. Kwa hiyo chombo kile kimebeba jasho la watu wa mbali zaidi ya waliotajwa kwenye kitako chake. Mwaka 1505, kabla sonara hajamaliza kazi, kamanda wa Kireno Francisco de Almeida alikuwa ameshaivamia Kilwa, ameipora na kujenga ngome.

Sasa nikujibu dukuduku lako. Ninaona inafaa kwenda, na inafaa hata zaidi kwa mtu aliyesoma upande huu wa habari, kwa sababu mgeni asiyeujua hupita mbele ya kabati lile akasifu ufundi, akaendelea na ukumbi unaofuata. Ukishaanza na chombo hicho, Belém ya kesho yake utaiona kwa macho tofauti.

Belém ni tambarare na iko kando ya mto Tagus, hivyo magoti yako hayatakuwa na malalamiko makubwa. Tramu namba 15 inawapeleka hadi mlangoni mwa Mosteiro dos Jerónimos, nyumba ya watawa ambayo Manuel alianza kuijenga mwanzoni mwa karne ya 16 na ambayo ndiyo aliyoikusudia ipewe kile chombo cha dhahabu. Gharama za ujenzi zilitokana kwa sehemu kubwa na asilimia 5 ya mapato ya biashara ya Afrika na nchi za Mashariki. Uliza kuta zile na utaona zinavyojibu: nguzo zimechongwa mithili ya kamba za merikebu zilizosokotwa, na kati yake kuna mimea ya mbali na mafundo ya mabaharia, kiasi kwamba jengo zima lina sura ya bandari iliyogeuzwa jiwe.

Kaburi unaloliogopa liko humo, karibu na mlango wa kanisa. Vasco da Gama alifia Cochin, India, mwaka 1524, na masalia yake yaliingizwa katika kanisa hilo mwaka 1880, karibu karne tatu na nusu baada ya kifo chake, wakati ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigombea Afrika na kila moja likitafuta mashujaa wa zamani wa kujivunia. Ninakuomba uuzingatie mwaka huo. Jeneza la mawe unaloliona, lenye sanamu ya mtu aliyelala akiunganisha viganja, ni kazi ya karne ya 19 na linaeleza fikra za karne hiyo zaidi ya zile za 1498. Mkabala naye yupo mshairi Luís de Camões, ambaye utenzi wake mrefu wa mwaka 1572 uliisifu safari hiyo na kuifanya Mombasa ionekane mji wa hila na Malindi mji wa marafiki. Watu wa Mombasa hawakuulizwa. Picha unaweza kupiga au kuacha. Mimi nilisimama hapo dakika chache nikatoka, wala sikuona kwamba nimemheshimu mtu nisiyetaka kumheshimu.

Mnara wa Belém utazame kutoka nje. Ngazi zake za ndani ni za mzunguko na nyembamba mno, na kwa kuwa ulifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati, binti yako ahakikishe hali yake kabla hamjakata tiketi. Mwambie akutafutie, chini ya kimojawapo cha vibanda vya walinzi, kichwa cha kifaru kilichochongwa na sasa kimelika kwa upepo na chumvi. Kifaru huyo alikuwa wa kweli: alifika Lisbon mwaka 1515 akiwa zawadi kutoka Gujarat, na watu wa Ulaya walikuwa hawajamwona kifaru hai tangu zama za Warumi. Hakuwa wa kwetu. Alikuwa wa pembe moja, wa India.

Kati ya mnara na nyumba ya watawa mtapita kwenye Padrão dos Descobrimentos, mnara wa zege wenye umbo la merikebu na sanamu za watu 33 wakiongozwa na mwanamfalme Henry. Watalii wengi hudhani ni wa kale. Ulijengwa kwanza kwa muda mwaka 1940, chini ya utawala wa dikteta Salazar, kisha ukajengwa upya kwa zege mwaka 1960, wakati nchi za Afrika zilikuwa zikipata uhuru mfululizo na Ureno ikikataa kuziachia zake. Ramani kubwa ya mawe iliyo sakafuni mbele yake ilitolewa zawadi na Afrika Kusini, ile ya ubaguzi wa rangi. Simama juu ya ramani hiyo, Mwalimu, uitafute pwani yako.

Siku ya tatu nakushauri uitoe kwa mji wa chini, Baixa, na hapa inabidi nikurudishe kwenye tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka, ndipo ardhi ikatikisika. Waliookoka walikimbilia uwazi wa kando ya mto, na baada ya muda mfupi maji yakarudi nyuma kisha yakawajia kama ukuta. Huko juu, mishumaa ile ile ilikuwa imekwisha kuwasha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Kasri la mfalme lililokuwa ufukweni lilitoweka, na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Mashariki, ikateketea pamoja na kumbukumbu zake. Mtu anayetafiti historia ya pwani yetu ana haki ya kuomboleza karatasi hizo.

Waziri aliyeujenga upya mji, anayejulikana zaidi kama Marquês de Pombal, aliagiza mitaa inyooke na kukatana kwa pembe mraba, karibu kama Kariakoo, na baadhi ya mitaa ikapewa majina ya kazi na bidhaa: ya dhahabu, ya fedha, ya washona viatu. Ndani ya kuta za nyumba zile kumefichwa kizimba cha mbao zilizopandana msalaba, ili tetemeko likija jengo liyumbe bila kumwagika. Husimuliwa kwamba wahandisi waliujaribu mfano wa kizimba hicho kwa kuwaamuru askari watembee kwa kishindo kuuzunguka. Uwanja mkubwa wa Praça do Comércio, wenye sanamu ya mfalme José juu ya farasi iliyosimamishwa mwaka 1775, ndio mahali lilipokuwa kasri. Keti hapo jioni. Benchi na upepo wa mto havina kiingilio.

Kutoka Baixa kwenda juu Chiado watu hupanga foleni kwenye Elevador de Santa Justa, lifti ya chuma ya mwaka 1902 yenye kimo cha mita 45. Inapendeza, lakini foleni yake itakuua. Shuka katika stesheni ya metro ya Baixa-Chiado, ambako ngazi za umeme zitakupandisha hadi mtaa wa juu ukiwa umesimama tu, kisha utembee polepole hadi Convento do Carmo. Hilo ni kanisa la karne ya 14 ambalo paa lake liliporomoka mwaka 1755 na halikurudishwa. Matao yamebaki wazi kama mbavu za jahazi lililokwama pwani, na mvua inanyesha moja kwa moja palipokuwa madhabahu.

Ukitoka, usiondoke haraka kwenye uwanja ulio mbele yake. Katika kambi iliyopo hapo ndipo waziri mkuu Marcelo Caetano alipojisalimisha kwa askari waasi tarehe 25 Aprili 1974, na askari hao walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Vita vya Msumbiji vina mlango wake hapa Dar es Salaam: FRELIMO iliasisiwa katika jiji letu tarehe 25 Juni 1962, na kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa hapa hapa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha posta, tarehe 3 Februari 1969. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Watalii wanaokunywa kahawa chini ya mijakaranda ya uwanja ule wengi hawana habari kwamba sehemu ya kisa chake ilianzia huku kwetu.

Siku ya mwisho ni ya vilima, kwa hiyo panda teksi hadi ngome ya São Jorge kisha ushuke, usijaribu kupanda. Waislamu waliutawala mji huu kwa zaidi ya karne nne, wakiuita al-Ushbuna, hadi Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka mwaka 1147 kwa msaada wa wapiganaji wa vita vya msalaba. Kanisa kuu, Sé, lilijengwa mahali pa msikiti. Mtaa wa Alfama ulio chini ya ngome umebaki na jina la Kiarabu, al-hamma, ndugu wa neno letu hamamu, na Mouraria ndiko Waislamu waliobaki walikolazimishwa kuishi. Vigae vya buluu na nyeupe utakavyoviona ukutani kila uendako, wenyewe wanaviita azulejo, neno ambalo nalo ni la Kiarabu.

Lugha itakuchekesha pia. Utaona bango la igreja mbele ya kila kanisa, na wataalamu wengi wanalihusisha neno hilo na gereza letu. Mgahawani utaketi kwenye mesa, juu ya jengo la serikali itapepea bandeira, na kitambaa cha mkononi ni lenço, ambacho akina mama wa pwani wamekifanya leso na kukipa ufasaha ambao Mreno hakuwahi kuuwaza.

Kuhusu swala, msikiti mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha na ulifunguliwa mwaka 1985. Waumini wengi wana asili ya Msumbiji, kwa hiyo hutajiona mgeni kabisa. Kwenye chakula jihadhari na maneno porco, chouriço na toucinho, yote ya nguruwe. Supu yao ya viazi na majani yanayofanana na sukumawiki ni nzuri sana, lakini kwa desturi hutiwa vipande vya soseji hiyo, hivyo waulize kabla. Bacalhau agiza bila hofu: ni ng'onda ya samaki wa bahari ya baridi, nao wanaipika kwa namna nyingi mno. Viatu viwe vya soli yenye meno, kwa sababu njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyong'arishwa na nyayo, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Sintra na makasri yake waachie vijana. Daraja refu la Vasco da Gama ni la mwaka 1998 na maduka yanayobeba jina lake ni ya mwaka 1999, navyo havina cha kukufundisha. Ukibakiwa na saa moja, panda pantoni pale Cais do Sodré uvuke hadi Cacilhas, kama unavyovuka Magogoni kwenda Kigamboni, na kulia kwako utaliona daraja lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar, ambalo sasa linaitwa 25 de Abril.

SWALI: Nami ningependa kuona Lisbon, lakini naogopa mambo mawili: viza na vibaka. Nisaidie kwa ufupi. Kijana wa Ubungo.

JIBU: Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya matembezi huruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, bima ya safari iwe ya kuanzia yuro 30,000, na maombi yapelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari wala si zaidi ya miezi 6. Usingoje hizo siku 15. Kinachowaangusha wengi wetu ni karatasi zisizokubaliana: barua ya mwajiri inasema likizo ya wiki mbili, hoteli imelipiwa wiki tatu, na akaunti ya benki imejaa ghafla wiki iliyopita. Tenga pia yuro 4 kwa kila usiku, ushuru wa wageni ambao jiji hutoza juu ya malipo ya malazi.

Vibaka wapo, na makao yao makuu ni tramu namba 28, ile ya njano inayopanda Alfama. Mimi nilikulia kwenye daladala za Mbagala na nilijiona mjanja, nikapanda tramu hiyo nikiwa nimeweka simu mfuko wa nyuma ili niwe tayari kwa picha. Niliposhuka mfuko ulikuwa mwepesi. Panda saa moja asubuhi, au ifuate kwa miguu.

SWALI: Mnatufundisha kwenda kuitazama dhahabu ya Kilwa huko Ulaya, wakati wengi wetu hatujafika Kilwa yenyewe, ambayo haihitaji viza. Kuna haki gani? Msomaji wa Mbagala.

JIBU: Hakuna, na ningekuwa na uwezo ningemtaka kila anayekwenda Lisbon aanzie Kilwa. Wewe uko kwenye barabara yenyewe: panda basi la kusini asubuhi, na baada ya kilomita 300 hivi utakuwa Kilwa Masoko. Lipia kibali kwenye ofisi inayosimamia magofu kabla ya kwenda kwenye boti, kwa sababu bila karatasi hiyo utarudishwa, kisha uvuke hadi Kilwa Kisiwani. Mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, miaka miwili kabla ya majengo ya Belém.

Msikiti mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa baadaye kwa kuba na nguzo. Ingia humo mchana wa jua kali uone jinsi kivuli kinavyobaki baridi. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye bwawa la pembe nane, liko mbali kidogo, kwa hiyo muulize nahodha kama maji yanaruhusu kupita kwa boti. Ibn Battuta aliutembelea mji huu mwaka 1331 na kuusifu.

Gereza iache iwe ya mwisho. Ni ngome iliyojengwa pale Wareno walipoweka ya kwao mwaka 1505 na ambayo Waomani waliijenga upya katika karne ya 19, na bahari imekwisha kula sehemu ya ukuta wake. Fika maji yakiwa yamekupwa, uteremke ufukweni na kuizunguka kwa upande wa bahari.